Mashine Iliyozama Kivinje

Mwahija binti Abdala alizaliwa Kikole, akaolewa Kilwa Kivinje, na tangu usichana wake hakuna kitu alichokichukia kama mchi. Alilisema hilo waziwazi, hata mbele ya wakwe zake. Wenzake walitwanga huku wakiimba. Yeye alitwanga amenuna, akiuliza kwa sauti ni nani aliyeamua kwamba mpunga lazima upigwe ndipo uliwe. Mumewe alifariki wakati wa vita vya Wajerumani vya pili, akamwachia kipande cha shamba la minazi na nyumba ya makuti karibu na forodha. Hakuolewa tena. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, na kahawa yake aliinywa akiwa amesimama.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, cha mtaa ule. Mwaka mmoja baada ya vita kwisha alikwenda Lindi mazishini, na katika kurudi akapita penye mashine ya kusaga. Alisimama mlangoni akaitazama. Mpunga uliingia juu, mchele ukatoka chini. Mahindi yaliingia juu, unga ukatoka chini. Alisimama mpaka nyusi zikawa nyeupe kwa unga, na lori alilokuwa apande likaondoka bila yeye.

"Nimekiona kitu," aliwaambia wenzake aliporudi, kabla hajavua hata ushungi. "Tutakinunua."

Walimcheka, kisha wakaanza kusuka mikeka. Kwa misimu kadhaa kila mkeka, kila gunia la korosho na kila tuzo ya ngoma ilikwenda kwenye mashine ile. Barua ya kuiagiza iliandikwa na karani wa forodha, Andrea Likwata.

Andrea alikuwa Mmwera wa Rondo, Mkristo, mtu wa makamo aliyekwenda vitani hadi Sailoni na kurudi salama. Kazi yake ilikuwa bahari, lakini bahari aliiogopa kweli kweli. Hakujua kuogelea. Meza yake ofisini aliigeuza ili akae ameelekea barabara, na watu wa Kivinje walimwita Bwana Nchi Kavu. Mwahija alimpenda kwa sababu alipoulizwa jambo asilolijua alisema hajui.

Siku meli ilipofika, wanawake wa lelemama walijipanga ufukweni wamevaa kanga za sare, ngoma zinalia. Bahari ya Kivinje haina kina, kwa hiyo meli hutia nanga mbali, na mizigo huletwa pwani kwa tishari. Waliliona tishari likijongea ubavuni mwa meli. Waliliona sanduku kubwa likiteremshwa kwa kamba. Wakapiga vigelegele. Halafu wingu likashuka kutoka kusini, mvua ya upepo ikafunika kila kitu, meli, tishari na mikoko pamoja, na watu wakakimbilia kwenye baraza ya forodha.

Mvua ilipokatika tishari lilikuwa linakuja. Mwahija alilitazama, akatupa jicho kwenye ubavu wake.

"Limekaa juu mno majini," alisema. "Linakuja jepesi."

Ngoma zikanyamaza moja moja.

Nahodha wa tishari, Yahya, aliteremka amelowa. "Bi Mwahija, tumshukuru Mungu, watu wote wazima."

"Alhamdulillahi. Na mashine?"

"Tishari lililala upande. Kamba ilikatika. Sanduku limeteleza."

"Limeteleza wapi?"

Yahya alinyoosha mkono kuelekea baharini. Mkono ule ulionyesha bahari nzima.

Jioni ile watu walimiminika nyumbani kwa Mwahija kumpa pole kama mfiwa. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, naye alituma mtu kusema amesikitika. Mwahija aliwapokea wote, kisha akasimama katikati ya ua.

"Ahsanteni, lakini pole zenu chukueni," alisema. "Mashine haijafa. Iko mahali. Ni chuma kitupu, haina miguu, na imepakwa grisi nene ndani ya sanduku. Tukiipata upesi, kabla chumvi haijaila, itasaga."

Asubuhi ilipokucha kila mtu alikuwa na mahali pake. Yahya alishikilia kwamba sanduku lilianguka Nangani, karibu na meli, maana ndipo upepo ulipowapiga kwanza. Hamali mmoja aliapa lilianguka Mkondoni, kwenye mfereji wenye maji ya kasi. Mwingine alisema Mwambani, maana alisikia tishari likikwaruza. Mwanamke aliyekuwa akichimba chaza alisema aliona kivuli cha tishari mbele ya mikoko, Matopeni. Ugomvi ukawa mkubwa mpaka mbuzi wakahama.

Andrea alifika akiwa na kofia mkononi. "Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba. Umekuja kugombana na wewe?"

"Nimekuja kuomba kibaba cha kunde."

Mwahija alimtazama, akaona hatanii, akaingia ndani akatoka na kunde. Andrea alikunjua mkeka uani, akachora kwa mkaa sehemu nne: Nangani, Mkondoni, Mwambani, Matopeni.

"Kule Sailoni," alisema, "nilikuwa tarishi katika ofisi iliyotafuta mabaharia ambao meli zao zimezamishwa. Bahari kubwa, ndege chache. Bwana aliyekuwa akipanga hakusema, wako hapa, twendeni. Alitia uzito kila mahali kadiri alivyoamini. Mwingi hapa, kidogo pale. Ndege ilipokwenda ikarudi mikono mitupu, pale ilipotafuta uzito ulipungua. Haukwisha, mama. Ulipungua. Kwa sababu ndege inaweza kumpita mtu majini isimwone."

"Na mliwapata?"

"Si wote. Lakini niliona watu wakishushwa wazima, siku ambayo wengine walikwisha kuwaombea dua ya maiti."

Macho ya Mwahija yaliwaka. Alimwaga kunde zote mkekani kwa mpigo mmoja. "Haya! Yahya, njoo useme. Na usiseme unajua. Sema unaamini kiasi gani."

Ule ndio ulikuwa mwisho wa ugomvi na mwanzo wa kitu kingine, maana mtu anapotakiwa kuweka kunde, sauti inashuka. Yahya aliweka konzi kubwa Nangani, akasita, akatoa kidogo akapeleka Mkondoni. Hamali wa Mkondoni aliweka zake. Aliyesikia mkwaruzo aliulizwa: mvua ikipiga mbao za tishari hutoa sauti gani? Akafikiri, akakiri inafanana, akapunguza zake mwenyewe. Nangani ikawa na rundo kubwa, Mkondoni ikafuata, Mwambani na Matopeni zikawa na chache.

Wazamiaji walitoka siku hiyo hiyo, mbele yao Abdulatifu, mtoto wa kaka yake Mwahija, kijana mwenye kifua kipana aliyejulikana hadi Kinjumbi kwa kukaa chini ya maji. Walizama Nangani mpaka maji yalipogeuka. Hakuna kitu. Mwahija alipiga magoti akatoa kunde za Nangani, karibu zote. Siku ya pili walizama Mkondoni. Hakuna kitu. Kunde zikatolewa. Siku ya tatu Mwambani, ambako maji ni meupe na chini panaonekana. Hakuna kitu. Kunde zikatolewa.

Katikati ya hayo kuku wa jirani aliruka ukuta akala Matopeni yote kabla hajafukuzwa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na hata Mwahija, ambaye hakuwa amecheka tangu meli ije, alishika mbavu. Kunde za Matopeni zikarudishwa kwa kukumbuka.

Siku hiyo ya tatu Kidawa, rafiki yake Mwahija wa kusuka naye mikeka, alikuja mbio na kanga imemtoka kichwani. Mkononi alishika ubao mpya wenye maandishi meusi ya rangi.

"Mwahija! Mwahija we! Nimeuokota kwenye mizizi ya mikoko!"

Andrea aliyasoma maandishi. Yalikuwa ya sanduku lao.

Ua mzima ulilipuka. Vijana walitaka kukimbilia Matopeni papo hapo. "Limeonekana! Lipo mikokoni!"

"Ubao ndio umeonekana," Andrea alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda kwa furaha. "Ubao unaelea. Sanduku halielei. Swali ni hili: sanduku lingekuwa Nangani, ubao wake ungefika pale? Lingekuwa Mkondoni, ungefika?"

"Nani ajuaye?" aliuliza Yahya.

Mwahija hakumwacha amalize. "Bahari inajua. Twendeni tukaiulize."

Wazo lile lilikuwa lake, na Andrea alipenda kulisimulia hata alipokuwa mzee kule Rondo, akisema kwamba yeye asingelipata kamwe, maana ramani za Sailoni hazikulowa. Mwahija aliagiza makumbi ya nazi, makavu, mengi kadiri ya kupatikana. Wanawake walikaa barazani kuyafunga vitambaa: bafta nyeupe kwa yatakayotupwa Nangani, kaniki nyeusi kwa Mwambani, kitambaa chekundu kwa Mkondoni, na ya Matopeni yakafungwa ukindu. Yahya, ambaye sasa alikuwa amechangamka kuliko wote, alingoja maji yafike kama yalivyokuwa siku ya ajali, yanaanza kujaa, akayapeleka kwa mitumbwi na kuyatupa kila aina mahali pake.

Kisha wakangoja ufukweni, na kungoja kule kulikuwa na ladha ya sikukuu. Akina mama walijipanga mstari mrefu kutoka forodhani mpaka kwenye mikoko, kanga zimefungwa viunoni. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa mbali kabisa upande wa kusini: "Meupe! Meupe yanapita huku!" Makumbi ya Nangani yalikuwa yanasukumwa kando, mbali na mikoko. Yenye kaniki yalitawanyika, machache yakatua mchangani mbele ya forodha. Ya ukindu yaliingia ndani sana ya mikoko, yakanasa matopeni, mahali ambapo Kidawa hakufika.

"Na mekundu?" Mwahija alipiga kelele. "Mekundu yako wapi?"

Hakungoja jibu. Alianza kukimbia. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alikimbia kwenye tope la pwani akishika kanga kwa mikono miwili, mpaka alipomkuta Kidawa amesimama penye mizizi ile ile. Mbele ya Kidawa makumbi mekundu yalikuwa yanakuja, moja, mawili, kisha kundi zima, yakigongana kwenye mizizi.

Mwahija alirusha mikono juu. Kigelegele chake kilisikika mpaka sokoni.

Waliporudi kwenye mkeka furaha ikapata kizuizi. Kunde za Nangani zilitolewa hata zile chache zilizobaki, za Mwambani hivyo hivyo, za Matopeni zikapunguzwa. Za Mkondoni haikutolewa hata moja. Lakini Mkondoni zenyewe zilikuwa chache tu, maana zilikwisha kuondolewa siku ya pili.

"Pale tumepatafuta, shangazi," alisema Abdulatifu. "Nimezama mimi mwenyewe."

Mwahija alikaa mbele yake, wakawa wanatazamana. "Najua ulizama, baba. Sikushuku. Nataka kitu kingine. Kama sanduku lingekuwapo pale ulipozama, ungeligusa?"

Abdulatifu alifungua mdomo kujibu haraka, kisha akaufunga. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Wote walimwuliza kama ameona.

"Mwambani ningeliona hata kwa jicho moja," alisema taratibu. "Nangani pia ningeligusa, mchanga wa pale ni mgumu. Mkondoni..." Alitazama mikono yake. "Mkondoni ni giza, shangazi. Maji yanakuvuta. Na chini ni tope laini, mkono unazama mpaka kwapani na haufiki kitu. Chuma kizito hakiwezi kukaa juu ya tope lile. Kitazama ndani yake. Ningeweza kupita juu ya sanduku mara nyingi nisilijue."

Andrea alijipiga paji la uso.

"Kosa langu!" alisema. "Nimeacha kunde zitolewe kana kwamba tope na mchanga mweupe ni kitu kimoja. Bi Mwahija, rudisha. Rudisha zile za Mkondoni!"

"Zote?"

"Acha konzi moja tu nje, ndiyo kazi aliyoifanya Abdulatifu. Nyingine zote rudisha."

Mwahija alizirudisha kwa viganja viwili. Watu waliukaribia mkeka. Sehemu tatu zilikuwa karibu tupu, na katikati pamesimama kichuguu cha kunde. Hapakuwa na haja ya kubishana tena.

Yahya ndiye aliyesema ifanyike vipi. Haifai kuzama, inafaa kuchoma. Walikusanya pondo, zile fito ndefu za kusukumia mitumbwi, mhunzi akazivika ncha za chuma, na maji yaliposimama, baina ya kupwa na kujaa, mitumbwi ilijipanga safu moja kukata mkondo. Wachomaji waliinua pondo pamoja na kuzishusha pamoja, wakasogea kidogo, wakainua tena. Mwahija alikuwa ndani ya mtumbwi wa kati. Na nyuma yake, ameshika kingo mbili kwa nguvu zote, macho ameyafumba, alikaa Bwana Nchi Kavu, ambaye alikataa katakata kubaki pwani.

"Karani, fumbua macho," Mwahija alimwambia.

"Niambie likionekana."

Pondo zilishuka. Tope. Zikashuka tena. Tope. Safu ikasogea karibu na ukingo wa mfereji, upande wa mikoko. Pondo ya Abdulatifu ilishuka, ikaingia tope, na ikakoma.

Ngo!

Aliinua, akashusha tena. Ngo! Akageuza kichwa kumtazama shangazi yake. Yahya alisogeza mtumbwi wake, akachoma kando yake. Ngo! Akachoma hatua moja mbele. Ngo! Ni pana! Ni bapa!

Sasa mitumbwi ilikuwa inataka kupinduka kwa watu kurukaruka. Abdulatifu alijitupa majini, akazama kwa kuifuata fito ile, akakaa chini mpaka watu wakaanza kuitana, kisha akaibuka amepakwa tope jeusi usoni, mdomoni na masikioni, akiwa ameshika kipande cha kamba iliyokatika.

"Ni lenyewe! Wallahi ni lenyewe!"

Andrea alifumbua macho, akasimama wima ndani ya mtumbwi, akasahau kabisa mahali alipo. Walimdaka kwa suruali.

Kulitoa hakukuwa kazi ndogo, lakini Yahya aliijua kazi yake na alikuwa na hamu ya kuifanya. Walingoja bamvua, siku maji yanapokupwa sana. Wazamiaji walifukua tope kwa mikono na kulizungushia sanduku kamba nene. Tishari lililetwa juu yake, kamba zikakazwa maji yakiwa chini kabisa. Halafu hawakufanya lolote. Bahari ilijaa, ikaliinua tishari, na tishari likaling'oa sanduku topeni kwa mlio wa kufyonza uliowafanya watu wapige makofi. Wakalisogeza pwani, wakangoja maji yapwe, wakakaza tena, maji yakajaa, wakalisogeza tena, hadi likakaa mchangani mbele ya forodha, limevaa tope na limekosa ubao mmoja.

Fundi Xaveri, aliyejifunza umakanika huko Lindi, alikuja na lori la kwanza. Aliifungua mashine kipande kwa kipande juu ya turubai, wanawake wakachota maji ya kisima kuisuuza kila sehemu, kisha mafuta ya taa. Mwahija hakuondoka. Kila skrubu iliyotolewa alitaka kujua inarudi wapi. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Kutu ilikuwa nyepesi, ya kufutwa kwa tambara. Pembe moja tu ya sahani ya mbele ilikuwa imepinda, na imepinda hadi leo.

Siku ya kuiwasha, watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Xaveri alizungusha hendeli, mashine ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Akazungusha tena. Ikakohoa. Mara ya tatu ikapiga, tu-tu-tu-tu, ardhi ikatetemeka chini ya miguu, na sauti yake ilipokaa sawa hakuna mtu aliyeweza kumsikia mwenzake, ingawa wote walikuwa wanapiga kelele. Mwahija alimwaga mpunga kwa pishi yake mwenyewe. Akakimbia upande wa pili akakinga viganja. Mchele ukamwangukia mikononi, una moto kidogo, na harufu ya mafuta. Alitia punje chache mdomoni akatafuna.

"Una chumvi?" Kidawa alimpigia kelele sikioni.

"Kidogo!" Mwahija alijibu, akicheka machozi yanamtoka. "Tutapunguza ya mchuzi!"

Aliendesha mashine ile miaka mingi, na Andrea alipohamishwa kwenda Lindi wanawake wa lelemama walimchezea ngoma mpaka lori likachelewa. Lakini habari zilikwisha kutembea. Watu walianza kuja kwa Mwahija kutoka mbali na mambo yaliyopotea: nyavu, mtumbwi uliokatika kamba, njia ya maji ya kisima cha zamani. Aliwakatalia wale waliodhani anapiga ramli. "Mimi sioni kitu," aliwaambia. "Kaeni chini mniambie mnaamini nini, na kwa nini."

Mara moja alikuja mkulima wa Kinjumbi aitwaye Tawakali, amechoka, akisema ng'ombe wake jike ametoroka zizini, porini wametafuta kote, na nyumbani wamekwisha kusema ameliwa na simba. Mwahija alifunga kunde pembeni mwa kanga, akapanda lori siku ile ile. Alikaa uani kwa Tawakali akawauliza watu wa pale, mmoja mmoja, wapi walikotafuta, na kwa jicho gani: kichaka kile kizito, mliingia au mlizunguka? Bonde lile, mlikwenda mvua ikinyesha au imekatika? Alitoa kunde huku, akaacha kule. Mwishoni Tawakali mwenyewe aliinuka kabla hajaambiwa neno, akachukua panga, akaelekea kwenye kichaka ambacho walikuwa wamekizunguka mara mbili bila kuingia.

Alirudi jua likiwa bado juu. Ng'ombe alikuwa akitembea nyuma yake kwa uvivu, na Tawakali alikuwa amebeba ndama mchanga mabegani.